Kirusi Kilichokuja na Kifaa Kimoja

Leo uso wangu umeelekea Jomvu Kuu, ingawa Miritini na Mikindani hawajafungiwa mlango, na wa Likoni na Kisauni nao wakae kitako. Kuna swali ambalo kina mama hulirudia kila wahudumu wa chanjo wanapopita shuleni: mtoto wa miaka 10, hata ungo hajavunja, adungwe sindano ya saratani ya mlango wa kizazi kwa nini? Wengine huuliza kwa upole, wanataka tu kujua haraka yenyewe ni ya nini. Wengine huuliza kwa hasira, kwa kuwa umri ule wanauona ni tuhuma juu ya binti zao, ati serikali imekwisha kuwahesabia watoto mambo ya ukubwani.

Wote wana haki ya kuuliza. Lakini umri huo haukupangwa na mtu anayewadhania watoto vibaya. Umepangwa na kirusi, na hasa na protini zake mbili zenye majina makavu kabisa, E1 na E2, kwa namna zinavyoishika DNA na kuifumua. Tukizielewa hizo mbili, habari ya miaka 10 haitahitaji mawaidha.

Kirusi ninachokisema ni cha papiloma, ambacho hospitalini huitwa HPV. Aina zake zimepita 200. Nyingi hazina neno, ni hizi chunjua za mikononi na miguuni ambazo watoto huzichezea. Aina kama kumi na kitu ndizo mbaya, na kati ya hizo mbili, aina ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliipata ya 16 mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata, wakati ambapo mabingwa wengi walikuwa wakielekeza lawama kwa kirusi kingine kabisa. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Hapa Kenya ugonjwa huu hugunduliwa kwa wanawake zaidi ya 5,000 kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufariki. Ndiyo maana Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alipoiingiza chanjo hii katika ratiba ya kawaida ya nchi, kwa wasichana wa miaka 10, alikuja kuizindua hapa hapa Mombasa.

Sasa tukitazame kwa ndani. DNA ya mwanadamu ina herufi kama bilioni 3. Ya kirusi hiki ina herufi kama 8,000 tu, zimefungwa duara, kichwa na mkia vimeungana. Katika herufi hizo 8,000 mna jeni kama nane. Nane! Na kila kiumbe kinachotaka kuzaana lazima kwanza kinakili DNA yake, nakala moja iwe mbili, na kazi hiyo ina mafundi wengi: wa kufungua, wa kushikilia kilichofunguliwa, wa kusoma herufi na kujenga uzi mpya, wa kuondoa mikunjo, wa kuunganisha vipande. Kirusi cha papiloma hakina mafundi hao. Hakina hata polimeresi, yule mwandishi wa uzi mpya ambaye bila yeye hakuna nakala. Kimeng'enya walichokiona wanasayansi ndani ya mzigo wake wote ni kimoja tu, nacho ni E1, kazi yake kufumua. Vingine vyote ni vya kuazima kwa mwenye nyumba.

Kufumua ni kufanya nini? Wazee wa Jomvu Kuu wanaojua kusokota kamba ya usumba watanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa chuo. Chukua kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana. DNA iko hivyo, nyuzi mbili zimezungukana, na herufi za uzi huu zimeshikana na herufi za uzi wa pili. Ili isomwe, nyuzi lazima ziachane. Sasa jaribu kuitenganisha kamba hiyo katikati, si kwenye ncha. Kwanza utatafuta mahali palipolegea, maana si kila mahali patakubali kidole. Ukishapata, ukivuta nyuzi mbili mbalimbali, kamba iliyo mbele yako itazidi kukaza, itajikunja na kufanya vifundo. Na ukiachilia mkono tu, ulipofungua patajisokota tena. Shida hizo tatu, mahali pa kuanzia, vifundo vya mbele na kujifunga kwa nyuma, ndizo shida za kila kinachonakili DNA, kiwe ni kirusi, mchicha au mwanadamu.

Kwa shida ya kwanza ndipo E2 inapoingia. Protini hii hutembea ikiwa jozi, mbili zimeshikana, na jozi hiyo hutafuta maandishi maalumu ya herufi 12: inaanza ACC, inamalizikia GGT, katikati herufi sita zozote. Kwenye duara la kirusi, maandishi hayo yamewekwa kando ya sehemu moja yenye herufi A na T kwa wingi. Na A ikishikana na T hushikana kwa vifungo viwili, ilhali G na C hushikana kwa vitatu, kwa hiyo pale ndipo palipolegea. E1 ikiwa peke yake si hodari wa kuchagua mahali, hujishikilia ovyo ovyo. E2 huikamata, huileta mpaka pale, huikabidhi kwa DNA, kisha yenyewe hujitoa. Mimi humpenda zaidi huyu E2. Watu wa maabara humsifu E1 kwa kuwa ana nguvu, lakini nguvu bila kujua pa kuanzia ni hasara tupu.

E1 zikishafikishwa, hujikusanya. Hukaa kwanza tatu tatu, huku zikiisukuma DNA ijinyonge na kuachana, kisha hukamilika kuwa pete mbili, kila pete ina E1 sita. Ajabu ni kwamba pete haizungushwi kwenye kamba nzima. Pete moja huzunguka uzi mmoja, ya pili huzunguka uzi wa pili, kisha zinaondoka, moja huku na moja kule, na kila moja ikivuta uzi wake kupitia tundu la katikati na kuuacha uzi wa mwenzake nje. Ndivyo nyuzi zinavyoachana.

Kwa miaka mingi tulijua zinapita, hatukujua zinavutaje. Mwaka 2006, katika maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, Eric Enemark na Leemor Joshua-Tor walichapisha picha ya pete ya E1 ikiwa na uzi wa DNA ndani yake. Walitumia E1 ya papiloma ya ng'ombe, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile yetu na ina subira zaidi maabarani. Kwenye tundu la pete mlikuwa na vikunjo sita, kimoja kutoka kila protini, vimepangwa kwa kuzunguka kama vipandio vya ngazi ya mnara wa msikiti. Kila kikunjo kimeshika herufi moja ya DNA. Kila protini ikichoma chembe moja ya ATP, ile nishati ya seli, kikunjo chake hushuka daraja moja na uzi nao hushuka herufi moja. Kilichofika chini kabisa huachilia, huruka juu, hushika herufi mpya. Zamu kwa zamu, sita zote, bila kugombana. Nimeiona picha hiyo mara nyingi na sijaichoka.

Seli zetu wenyewe zina pete ya namna hii, inaitwa MCM, nayo ina protini sita pia. Tofauti ni kwamba sita zetu ni tofauti zote, na zimewekewa sheria kali: kila mahali pa kuanzia hufunguliwa mara moja tu kila seli inapogawanyika. Sheria hiyo ikivunjwa seli huharibikiwa. Pete ya kirusi, yenye E1 sita zinazofanana, haihukumiwi na sheria hiyo. Ikitaka kuanza tena na tena usiku huo huo, inaanza.

Baada ya E1 kufungua, kuazima kunaanza. Protini za seli ziitwazo RPA huja kuushika uzi uliofunguliwa usijisokote tena. Topoisomeresi za seli hukata vifundo vya mbele na kuviunga upya. Polimeresi za seli huandika uzi mpya. Mafundi wote hao ni wetu, wanakula chakula chetu. Na hapa, msikilizaji, ndipo penye kiini cha mambo yote ya leo, kwa hiyo kama unakwenda kuteka maji, ngoja kidogo.

Mafundi hao hawako kazini kila saa. Seli huwaita inapojitayarisha kugawanyika, na ikishamaliza huwaachisha. Kirusi cha papiloma huingia kwa mchubuko mdogo na kukaa katika seli za chini kabisa za ngozi laini, zile zinazogawanyika. Huko kinajiweka kidogo tu, duara 50, pengine 100 katika seli, hakina haraka. E2 hapo inafanya kazi ya pili: inalishika duara la kirusi kwa upande mmoja na kromosomu zetu kwa upande mwingine, ili seli inapogawanyika kila mtoto arithi sehemu yake. Lakini kirusi hakitoki nje kutoka chini. Hutoka na seli zinazopanda juu ya ngozi, na seli zinazopanda zimekwisha kustaafu. Hazigawanyiki tena. Mafundi wameondoka. Kirusi kina E1 yake ya kufumua, kimefumua, nani aandike?

Kwa hiyo kinailazimisha seli iliyostaafu irudi kazini. Protini yake ya E7 huishika protini yetu iitwayo Rb, ambayo ndiyo inayoizuia seli isiingie zamu ya kunakili, na kuiondoa njiani. E6 huichukua p53, ile inayoiamuru seli yenye hitilafu isimame au ijiue, na kuipeleka ikaangamizwe. Seli inaamka, mafundi wanaitwa, na kirusi kinanakiliwa kwa maelfu. Seli ikifika juu ya ngozi inakufa kwa ajali yake, inabanduka, na virusi vinatoka nayo. Hakuna homa wala maumivu, wala kirusi hakiingii katika damu. Kinga ya mwili, ambayo hushtuka ikiona damu na uharibifu, hapa haishtuki upesi, ingawa kwa watu walio wengi, karibu tisa kati ya kumi, hatimaye hukigundua na kukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Mnaona basi saratani inatokea wapi? Kirusi hakikusudii saratani. Hakina faida nayo hata chembe. Kilichotaka ni polimeresi ya kuazima, na kwa kuwa hakina yake, kinatembea na E6 na E7 za kuwaamsha waliolala. Kama kingelikuwa na mafundi wake, huenda kisingelikuwa na haja ya kugusa Rb wala p53.

Katika wale ambao kinga haikukiondoa, jambo jingine linaweza kutokea miaka ikipita. Duara hukatika, na kipande chake kikajipachika ndani ya kromosomu ya mtu. Mara nyingi mahali panapokatika ni kwenye jeni ya E2. Sasa E2 ilikuwa na kazi ya tatu ambayo sijaitaja: ndiyo iliyokuwa ikizipunguza E6 na E7 zisitengenezwe kupita kiasi. E2 ikiharibika, E6 na E7 zinatengenezwa bila kipimo. Seli inagawanyika haisimami, na kirusi chenyewe kimekwisha, hakiwezi tena kutoa virusi vipya.

Ushahidi wa hili umetoka katika seli maarufu kuliko zote duniani, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka huo huo. Seli zake zingali zikikua maabarani hadi leo, na ndani yake mna vipande vya HPV 18 visivyo na E2 iliyo nzima. Mwaka 2000, Edward Goodwin na Daniel DiMaio wa Chuo Kikuu cha Yale walizirudishia E2, wakatumia ya papiloma ya ng'ombe. Seli ambazo kwa karibu miaka 50 hazikujua kusimama, zikasimama, zikazeeka. Nikisema nampenda E2 kuliko E1, sababu mojawapo ni hiyo.

Kutoka maambukizi mpaka saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa yaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na hatari yake ya kupata ugonjwa huu ni kama mara sita ya mwenzake.

Mtu atauliza: si kuna dawa za virusi? Zipo, na zinatufundisha kitu. Herpes ina polimeresi yake mwenyewe, ndiyo maana asiklovia inayouzwa katika maduka yetu ya dawa inaweza kuikwamisha hiyo bila kuzidhuru sana zetu. Hata kifumuaji cha DNA kimekwisha kupata dawa: Japani mwaka 2017 iliidhinisha amenameviri kwa ajili ya mkanda wa jeshi, nayo hukwamisha mashine ya kirusi ya kufungua na kuanzisha uzi. Sisi wa kando ya barabara kuu ya Nairobi, tunaolala na malori mlangoni, tumeisikia pia mpox tangu Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 31 Julai 2024, aliyegunduliwa mpakani Taveta. Kirusi chake ni tajiri: DNA yake ina herufi kama 197,000, kina polimeresi yake na pete yake ya kufumua, na kinafanya kazi zote nje ya kiini cha seli bila kubisha hodi.

Kirusi cha papiloma, kwa ufukara wake, hakitupi pa kukishika. Polimeresi yake ni yetu. Kilicho chake ni E1, na E1 inachoma ATP kama protini zetu nyingi zinavyochoma, kwa hiyo sumu ya kuizima hiyo yaweza kuzima na nyingine. Watafiti wa Laval, Kanada, walijaribu njia ya werevu zaidi, kuzuia E2 isiikamate E1 kabisa. Maabarani ilifaa. Mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kumeza au kupaka inayokiondoa kirusi chenyewe. Na hata ingelikuwapo, kwa aliyekwisha kupata saratani ingelikuwa imechelewa, kwani pale kirusi hakinakili tena duara lake. Kufumua kumekwisha, yanayoendelea ni E6 na E7.

Basi tumebaki na mahali pamoja pa kukizuia, nje ya mlango. Ganda la kirusi limejengwa kwa protini iitwayo L1. Mwaka 1991 huko Queensland, Australia, Jian Zhou na Ian Frazer waligundua kwamba protini za ganda zikitengenezwa kwa wingi hujipanga zenyewe zikawa ganda tupu, linalofanana na kirusi kwa nje na ndani hamna kitu. Chanjo ndiyo hiyo. Wanaosema sindano hii itawaingia watoto katika uzazi na kuwafanya tasa, nawaomba wafuate nilivyoeleza: ndani ya sindano hamna duara la DNA, hamna E1 ya kufumua, hamna E2 ya kushika kromosomu, hamna E6 wala E7. Ni maganda. Mwili unayaona, unatengeneza kingamwili, na kirusi cha kweli kikija kinashikwa kabla hakijaingia katika seli.

Kabla hakijaingia. Hapo ndipo miaka 10 inapotoka. Kingamwili huelea nje ya seli. Kirusi kikishaingia, ganda limevuliwa, duara limekwisha kushikizwa na E2 kwenye kromosomu, kingamwili haiwezi kulifuata huko. Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limelenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, umri ambao kinga yao huitikia vizuri sana na mlango bado haujabishwa. Binti ataolewa siku moja, inshallah, na mume mwema. Mume mwema naye ana historia yake, na kirusi hiki hakimwonyeshi mtu dalili.

Hata hesabu ya sindano imepungua, na hapa Afrika Mashariki tujivune kidogo. Kenya ilianza na dozi mbili, miezi sita katikati, na kila mzazi anajua jinsi hiyo ya pili inavyosahaulika mtoto akihama shule. Watafiti wakiongozwa na Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Ruanne Barnabas waliwachukua wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Thika, Nairobi na Kisumu. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imewakinga na aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Matokeo yakatoka Aprili 2022. Mwanza, Tanzania, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walifuatiliwa kupimwa kingamwili kwa dozi moja, mbili na tatu. Desemba mwaka huo huo wa 2022, Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba dozi moja yafaa, na Tanzania ikaihamia mwaka 2024. Mwenye virusi vya UKIMWI bado anahitaji zaidi ya moja, hilo mkaulize zahanati.

Kuna hoja nyingine husikika barazani, hasa baada ya alasiri: sisi tumetahiri, haya si yetu. Ukweli wa hoja hiyo ni nusu. Katika Rakai, Uganda, wanaume waliotahiriwa walipatikana na aina mbaya za HPV kwa asilimia kama 35 pungufu kuliko wasiotahiriwa, na wake zao nao walipata nafuu, asilimia kama 28. Ni faida kubwa, alhamdulillahi. Lakini ondoa 35 katika 100 uone kimebaki nini.

Na mama aliyekwisha pita umri wa chanjo? Huyu ana bahati ya ile miaka 15 au 20. Pole pole ya kirusi ni muda wetu. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke aanze kupimwa akifika miaka 30, na mwenye virusi vya UKIMWI akifika 25. Kipimo kizuri zaidi siku hizi hutafuta DNA ya kirusi chenyewe, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu. Naomba masomo wetu, hawa wanaowafunda maharusi, waliingize jambo hili katika mafundisho yao, maana wao husikilizwa kuliko mimi. Pasipo na kipimo hicho, muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama patageuka peupe. Pakigeuka, mara nyingi hutibiwa papo hapo kwa baridi kali au kwa joto, na mtu akarudi kwake jioni.

Moja la mwisho, na hili nawaambia wanaume hasa. Mke akirudi na jibu kwamba kirusi kimeonekana, jibu hilo halisemi ana saratani. Wala halisemi amekipata lini. Duara chache zilizoshikizwa na E2 zaweza kukaa kimya miaka mingi, kipimo kisizione, kisha zikaonekana baadaye. Kirusi chaweza kuwa chake cha zamani, chaweza kuwa chako wewe kabla hamjaoana. Nimesikia talaka zikitajwa kwa sababu ya karatasi ya maabara. Karatasi hiyo haina tarehe ya maambukizi, na hakuna maabara hapa Mombasa wala kwingineko inayoweza kuiandika.

Laini za simu ziko wazi. Naona wa Jomvu Kuu wamekwisha tangulia, na aliye wa kwanza anataka kujua kwa nini wavulana hawachanjwi. Haya, tuunganishe.